Kwa nini baadhi ya programu hukataa kung'oka katika tarakilishi

NI KISA kinachojulikana katika nyumba nyingi zenye tarakilishi. Mzazi anaona mashine ya familia imeanza kujikokota. Inachukua dakika kumi kuwaka, na kila inapowaka kijisanduku hujitokeza pembeni mwa skrini kikidai ada ya kingavirusi ambayo muda wake wa majaribio ulikwisha kitambo. Anaamua kuiondoa. Anafungua orodha ya programu, anabofya pa kuondolea, na badala ya kuagwa anapata ujumbe kwamba faili fulani haipatikani, au kwamba programu ingali inatumika, au kwamba hana ruhusa. Anajaribu tena na tena. Hatimaye anapandwa na hasira, anaingia katika folda ya programu hiyo na kufuta kila kinachokubali kufutika. Siku inayofuata kijisanduku kipo palepale, na sasa hata intaneti haifunguki.

Hapo ndipo mashine hupelekwa kwa fundi. Naye fundi, ambaye ana foleni ya wateja na hana saa tatu za kutafuta kiini cha tatizo, huifomati. Programu sugu huondoka kweli. Hata hivyo, pamoja nayo huondoka picha za harusi, hesabu za duka za miaka minne na kazi za mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Mara nyingi hasara hiyo haikuwa ya lazima.

Neno "kukataa" lenyewe linapotosha. Programu haina hiari. Inapokosa kuondoka huwa kuna sababu inayoweza kutajwa, na sababu zenyewe si nyingi: ama ingali inafanya kazi, ama chombo cha kuiondoa kimeharibika, ama imejengewa ulinzi dhidi ya kuondolewa, ama aliyeitengeneza hakutaka kamwe iondoke. Dawa ya sababu moja huweza kuwa sumu kwa nyingine, na anayefuta folda kwa hasira huwa anatibu maradhi yote kwa shoka.

Ili kulielewa jambo hili, sharti kwanza ifahamike kinachotendeka programu inapowekwa. Wengi hudhani programu hukaa katika folda moja, mithili ya nguo sandukuni. Kwa hakika folda hiyo ni sebule tu. Katika mashine inayotumia Windows, faili kuu huwekwa katika folda ya Program Files. Data na mapendeleo ya mtumiaji huenda katika folda zilizofichwa ziitwazo ProgramData na AppData. Viendeshi, yaani vijiprogramu vinavyozungumza moja kwa moja na vifaa vya mashine, huzama ndani ya folda ya Windows yenyewe. Aidha, maagizo ya lini na vipi programu ianze huandikwa katika sajili, daftari kubwa ambamo Windows huhifadhi mipangilio yake. Baadhi ya programu huongeza huduma zinazoamka kabla mtumiaji hajaandika neno lake la siri, pamoja na kazi zilizopangiwa saa maalumu.

Huyo ni mpangaji ambaye, mbali na kuleta kitanda, amegonga misumari ukutani, akavuta waya wa umeme na kuiandikisha nyumba kuwa anwani yake. Kukitupa kitanda nje hakumhamishi.

Ndiyo sababu kila programu ya heshima huja na kiondoaji, yaani programu ndogo inayokumbuka kila msumari ulikogongwa. Zile zilizofungashwa kwa Inno Setup, chombo kilichoanza kutolewa mwaka wa 1997, huacha faili mbili katika folda zao. Moja huitwa unins000.exe, nayo ndiyo kiondoaji chenyewe. Ya pili ni unins000.dat, ambayo ni kumbukumbu ya yote yaliyofanywa siku ya kuwekwa. Anayeifuta hiyo ya pili kwa kuwa haielewi huwa amechoma orodha, na kiondoaji hakijui tena kianzie wapi.

Zipo nyingine, hasa za matumizi ya ofisini, zinazotegemea huduma ya Windows yenyewe iitwayo Windows Installer. Huduma hiyo huhifadhi kifurushi cha kila programu katika folda iliyofichwa, C:\Windows\Installer, kikiwa na jina lisilosomeka la herufi na tarakimu. Folda hiyo huweza kunenepa hadi gigabaiti nyingi, na mtu anayetafuta nafasi katika diski huiona kuwa taka. Akiifagia, mashine haitalalamika siku hiyo. Italalamika miezi sita baadaye, atakapotaka kuondoa au kusasisha programu na kuambiwa kifurushi hakipatikani.

Dawa ya hali hizi mbili huwashangaza wengi: ni kuiweka programu ileile upya. Ikishawekwa juu ya mabaki ya zamani, kiondoaji chake hufufuka na orodha yake kurejea, kisha huondolewa kwa njia ya kawaida. Sharti liwe toleo lilelile, kwani toleo jipya huweza kulikuta la zamani, likajaribu kuliondoa kwanza, na kukwama palepale alipokwama mwenye mashine. Ni jambo linalomkera mtu, kumkaribisha tena mgeni anayetaka aende zake, lakini katika visa vya viondoaji vilivyoharibika hakuna njia iliyo na madhara machache kuliko hii.

Kampuni ya Microsoft yenyewe iliwahi kujaribu njia ya mkato. Kwa miaka kadhaa ilitoa kifaa kidogo kilichofuta rekodi za Windows Installer kwa nguvu. Mnamo 2010 ilikiondoa baada ya kubainika kwamba wakati mwingine kiliharibu sehemu za programu nyingine zilizokuwa salama, na badala yake ikaleta kingine chenye tahadhari zaidi. Kama waliouunda mfumo walijikata kwa kisu hicho, mtumiaji wa nyumbani anayefungua sajili na kufuta kila mstari wenye jina la programu aliyoikasirikia ana sababu ya kusita.

Sababu nyepesi zaidi ni programu kuwa ingali inafanya kazi. Kwa kawaida Windows hairuhusu faili inayotumika ifutwe, na programu nyingi huendelea kufanya kazi hata baada ya dirisha lake kufungwa. Alama yake ndogo huonekana karibu na saa, chini ya skrini. Mtumiaji aifunge kutoka hapo, au abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kuona orodha ya vyote vinavyoendelea na kukikomesha anachokitaka. Mara nyingi kuzima na kuwasha mashine upya, kisha kuondoa programu kabla ya kufungua kitu kingine chochote, hutosha. Programu za mashine za kuchapisha zina kasumba hii: kiendeshi chake hushikiliwa na huduma inayopanga foleni ya kuchapisha, na mpaka foleni hiyo isafishwe na huduma hiyo ianzishwe upya, kiendeshi hakibanduki. Kama tatizo ni ruhusa, ajaribu kupitia akaunti ya msimamizi. Katika nyumba nyingi mtoto hutumia akaunti isiyo na mamlaka hayo, na ni vyema iwe hivyo.

Ikiwa programu huamka yenyewe kila mara, ipo hali salama, ambapo Windows huwaka na viendeshi vichache vya lazima tu huku wageni wote wakibaki wamelala. Katika Windows 10 na 11 huingiwa kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuwasha upya, kisha kufuata menyu ya ukarabati inayojitokeza. Kuna mitego miwili. Kwanza, mashine ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48, na asiyekuwa nao atakuwa amejifungia nje. Ufunguo huo utafutwe kabla ya kuanza, katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Pili, Windows Installer iliyotajwa hapo juu kwa kawaida haifanyi kazi katika hali salama. Mtu anaweza kuingia humo kwa matumaini na kuambiwa huduma haipatikani, akadhani mambo yameharibika zaidi, ilhali ndivyo mfumo ulivyo.

Kingavirusi ni kisa cha aina yake, kwa kuwa ukaidi wake ni sehemu ya kazi yake. Virusi vinapoingia, jambo la kwanza vinavyolenga ni kumwua mlinzi. Kwa hivyo watengenezaji huzifunga faili za kingavirusi zisiguswe na yeyote, hata mwenye mashine. Viendeshi vyake hukaa katika kiini cha mfumo, na baadhi husimama katikati ya njia ya intaneti vikikagua kila kinachopita. Hii ndiyo sababu ya mzazi aliyefuta folda kukosa intaneti siku iliyofuata: aliwaondoa walinzi lakini akaacha lango limefungwa.

Njia iliyo sawa ni kufungua mipangilio ya kingavirusi yenyewe, kuzima kipengele chake cha kujilinda, kisha kuiondoa kwa kawaida. Hilo likishindikana, watengenezaji wakubwa wakiwamo Norton, McAfee, Avast na Kaspersky hutoa vyombo maalumu vya kuondoa bidhaa zao, bila malipo. Kipakuliwe katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe wala si kwingineko. Mashine ya Windows 10 au 11 haibaki uchi baadaye, kwani Microsoft Defender iliyomo ndani yake hujiamsha inapogundua kwamba mlinzi mwingine ameondoka. Asiyejua haya ndiye huongeza kingavirusi ya pili juu ya ya kwanza iliyoshindikana, na mbili hizo zikaanza kukagua kila faili kwa zamu na kuinyima mashine pumzi.

Kuna programu ambazo ziliundwa zisiondoke. Mfano ulio maarufu zaidi haukutoka kwa wahalifu bali kwa kampuni ya muziki. Mnamo Oktoba 31, 2005, mtaalamu wa Windows nchini Marekani, Mark Russinovich, alichapisha maelezo ya kitu alichokikuta katika tarakilishi yake mwenyewe. Alikuwa amecheza diski ya muziki ya kundi la Van Zant iliyotolewa na Sony BMG, nayo diski ikaweka kimyakimya programu iitwayo XCP, iliyokusudiwa kuzuia muziki usinakiliwe ovyo. Programu hiyo ilificha kila faili ambayo jina lake lilianza kwa alama $sys$, zikiwemo faili zake yenyewe. Haikuwa katika orodha ya programu wala haikuwa na kiondoaji. Russinovich alipovifuta viendeshi vyake kwa mkono, kisomaji cha diski kilitoweka kabisa katika mashine yake. Yeye aliweza kukirejesha kwa kuihariri sajili. Mtu wa kawaida angenunua kingine.

Diski za aina 52 za Sony BMG zilikuwa na programu hiyo. Kelele zilipozidi, kampuni ikatoa kiondoaji kupitia tovuti yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Ed Felten na Alex Halderman, wakagundua kwamba kiondoaji hicho kiliacha nyuma kijiprogramu kilichoruhusu tovuti yoyote iliyotembelewa kuendesha itakacho katika mashine ya mtumiaji. Ugonjwa ulikuwa mbaya, na dawa ikawa mbaya zaidi. Diski ziliondolewa madukani Novemba mwaka huo. Mnamo Januari 2007 kampuni ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kuwalipa wateja hadi dola 150 kwa uharibifu uliotokana na juhudi za kuing'oa programu hiyo. Inafaa kuangaliwa kwamba fidia hiyo ililenga madhara ya kujaribu kuondoa.

Kisa cha Lenovo cha mwaka wa 2015 kinaonyesha upande mwingine. Baadhi ya vipakatalishi vyake vilikuwa vimeuzwa vikiwa na Superfish, programu iliyopenyeza matangazo katika kurasa za wavuti. Ili iweze kusoma hata kurasa zilizofungwa kwa usalama, kama za benki, ilijiandikishia cheti chake miongoni mwa vyeti vinavyoaminiwa na Windows. Walioiondoa kwa njia ya kawaida waliiona ikitoweka bila ubishi. Cheti kilibaki. Mwizi aliyejua siri ya cheti hicho angeweza kujifanya benki, na mashine ingemwamini. Lenovo ililazimika kutoa chombo cha kusafisha yote mawili. Kumbe programu inayoondoka kwa upole kupita kiasi nayo yastahili kutazamwa mara mbili.

Kwa programu za ulaghai, kama vile pau za matangazo zinazojibandika katika kivinjari, ukaidi hutokana na ujanja wa kulindana. Mbili huendeshwa kwa pamoja, na moja ikizimwa nyingine huifufua, au kazi iliyopangiwa saa huipakua upya kila jioni. Ndiyo maana huduma ya kwanza ni kuikata mashine kutoka kwa intaneti. Kisha ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mfumo uendeshwe. Huo huizima mashine na kuichunguza kabla Windows haijaamka, kwa muda wa takriban robo saa, wakati ambapo hakuna programu ya kulinda nyingine. Anayetaka kujua ni nini hasa hujianzisha katika mashine yake anaweza kutumia Autoruns, chombo cha bure kilichobuniwa na Russinovich huyohuyo pamoja na mwenzake Bryce Cogswell, ambacho sasa ni mali ya Microsoft. Kila mstari ndani yake una kisanduku cha tiki. Kuondoa tiki hulemaza kitu bila kukifuta, na kukikosewa hurejeshwa.

Hatari kubwa humkabili mtu anapoandika jina la programu inayomsumbua katika mtambo wa kutafutia na kubofya jibu la kwanza. Wanaouza dawa bandia huvizia hapo. Mnamo Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya Innovative Marketing na washirika wake kwa kuuza programu kama WinFixer na XP Antivirus. Hizo zilijifanya kukagua mashine, zikatangaza maradhi yasiyokuwepo na kudai malipo ya kuyatibu. Zaidi ya watumiaji milioni moja walikuwa wamenunua. Majina yamebadilika tangu hapo, lakini dirisha jekundu linalopiga kelele kwamba mashine imeambukizwa bado liko.

Vipo vyombo vya uaminifu vya kusaidia kuondoa programu, mathalan Revo Uninstaller kutoka Bulgaria. Hicho huendesha kwanza kiondoaji halisi, kisha hutafuta mabaki katika folda na sajili na kumwonyesha mtumiaji orodha. Orodha hiyo isomwe kabla ya kukubaliwa, kwa kuwa chombo hukisia kwa majina na huweza kugusa faili ya jirani.

Yote yakishindikana, bado kufomati si hatua inayofuata. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, mfumo wenyewe una uwezo wa kujiweka upya huku ukihifadhi faili za mtumiaji. Programu zote zilizoongezwa huondolewa, sugu zikiwemo, lakini picha na hati zilizo katika folda za mtumiaji hubaki. Mwenye mashine akimwuliza fundi kama amejaribu hatua hii, hamkosei heshima. Hata hivyo, nakala za akiba katika diski ya nje bado ni lazima, kwani baadhi ya programu za hesabu za biashara huweka vitabu vyao ndani ya folda zao wenyewe, na folda hizo hufagiliwa pamoja na programu.

Lakini kuna aina moja ambayo hata kufomati hakuiwezi, na wanunuzi wa Kenya wana sababu ya kuijua. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa nchini vilitumiwa kwanza na makampuni ya ng'ambo, hasa Uingereza. Kampuni ya Absolute, yenye asili ya Kanada, hutengeneza programu ya kufuatilia mashine zilizoibwa, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Computrace. Watengenezaji kama Dell, HP na Lenovo huweka sehemu yake ndani ya BIOS, yaani katika kumbukumbu ya bodi kuu, mahali ambapo diski haihusiki. Ikiwa kampuni ya kwanza iliiamsha, programu hiyo hujirudisha katika Windows kila inapofutwa. Diski ikifomatiwa, hurudi. Diski ikibadilishwa kwa mpya, hurudi. Aliye na uwezo wa kuizima ni mwenye mashine aliyesajiliwa, akishirikiana na Absolute.

Fundi aliyeifomati mashine ya aina hiyo mara tatu hakuwa mzembe. Alikuwa akifagia sakafu ilhali maji yanatoka darini. Kwa hivyo anayenunua kipakatalishi cha mtumba aiwashe mashine akiwa bado dukani, aingie katika BIOS kabla Windows haijaamka na kutazama sehemu ya usalama kama jina la Computrace au Absolute limo na limewashwa. Kisha aiunganishe na intaneti na kuianzisha kama mpya. Ikidai baruapepe ya kampuni asiyoijua, bado imo katika daftari za watu wengine, na mwuzaji ndiye anayepaswa kwenda kuifungua kabla ya kupokea pesa.